Ua la Lakispa: Mbegu Yake Inataka Baridi, na Ina Sumu

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Leo tunayaacha mahindi na maharage, tunazungumzia maua. Najua kuna mama anayesema: "Mgao umepungua, maua tutayala?" Mama, haya hata kuliwa hayaliwi. Nitakueleza kwa nini.

Ua lenyewe ni lakispa. Kwenye pakiti utaona limeandikwa Larkspur. Husimama wima, hufika kiunoni, na maua yake hujipanga kwenye bua moja: ya buluu, zambarau, waridi au meupe. Hupendeza mlangoni, na hupendeza kwenye meza ya harusi.

Mimi mwenyewe nilinunua pakiti moja mjini Mbarara. Nikapanda mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, nikamwagilia kila siku. Haikuota hata mbegu moja. Nikailaumu mbegu, kumbe kosa lilikuwa langu. Asili ya ua hili ni nchi za Bahari ya Kati, ambako mbegu huota majira ya baridi. Hata jamaa zake wa porini, hapa kwetu Uganda na Kenya, wanakaa milimani kwenye baridi. Udongo ukiwa na joto, mbegu hulala tu.

Basi fanya hivi. Kama unamfahamu mwenye duka la soda baridi, mwombe akuwekee mbegu kwenye friji wiki mbili, ndani ya kikopo chenye kifuniko. Usipande kabla mvua hazijaanza na udongo kupoa. Panda jioni, palepale mmea utakapokaa, kwa sababu mzizi wake mrefu haupendi kuhamishwa. Funika kwa udongo mwembamba, nusu sentimita tu, maana mbegu inataka giza. Tandaza nyasi kavu kidogo juu. Ikianza kuchomoza, baada ya wiki mbili au tatu, ziondoe.

Punguza miche ibaki umbali wa shibiri moja. Mwagilia shinani, si juu ya majani. Jerikeni ya maji ina kazi nyingi nyumbani, kwa hiyo tumia maji uliyosuuzia mboga. Mmea ukirefuka, usimikie kijiti, upepo usiuvunje. Baada ya miezi mitatu hivi utaona maua.

(Muziki mfupi.)

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Mmea huu wote una sumu, na iliyo kali zaidi iko kwenye mbegu na kwenye miche michanga. Sumu hiyo hushika neva na misuli, hata kupumua kukawa shida. Ng'ombe hufa wakiula. Na majani yake yamechanika vipande vyembamba kama dania au karoti! Kwa hiyo usiupande kamwe karibu na mboga, wala kando ya njia ya mifugo. Usiuchemshe kuwa dawa. Nawa mikono ukimaliza kuushika. Mbegu zifunge, andika SUMU, ziweke juu, mahali ambapo mtoto hafiki.

Mtoto akila, usimtapishe wala usimpe dawa ya nyumbani. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na ubebe kipande cha mmea ukawaonyeshe wahudumu.

Kama una watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, nakushauri uliache ua hili kwa sasa. Panda alizeti: haitaki baridi, inapendeza, na mbegu zake zinaliwa.

Na anayetaka kuuza Mbarara, aende kwanza kuwauliza wapambaji wa harusi wanataka rangi gani na kiasi gani, ndipo apande. Nauli ya kwenda na ndoo ya maua yasiyo na mnunuzi ni hasara.

Nikumbushe: ubaridi kwanza, palepale unapopanda, mbali na mboga, mbali na watoto.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu: Nyumbani kwako kuna mimea gani yenye sumu? Watoto wanaijua?



(Muziki wa kufunga.)