Keki ya Limau Isiyokauka
(Maneno waliyoambiwa akina mama wa Kibugu, Embu)

Mabibi, mayai matatu mtakayoyavunja leo yangeweza kuuzwa sokoni. Basi keki ikiungua au ikikauka, hasara ni ya nyumba nzima.

Pigeni sukari kikombe kimoja na siagi nusu kikombe hata vigeuke vyeupe. Tieni mayai, unga wa ngano vikombe viwili, beking pauda vijiko vidogo viwili, maziwa nusu kikombe na ganda la limau lililoparuzwa.

Mimineni katika sufuria iliyopakwa siagi, mfunike: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Kijiti kikitoka safi, ipueni mara moja. Moto wa ziada ndio unaokausha. Ingali moto, itoboeni kwa kijiti, muimwagie maji ya limau yenye sukari, kwa kuwa sukari huzuia unyevu usitoke.

Hivyo mgeni wa kesho ataikuta laini, wala mayai yenu hayatakuwa yamepotea bure.