Friwili Hukazwa kwa Kukanyaga, Si kwa Nyundo



Chini ya Mlima Sagalla, baiskeli bado inabeba maji, makaa na mazao ya sokoni. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80. Uzito huo, pamoja na wa mwendeshaji, husukumwa kupitia kifaa kimoja kidogo kwenye gurudumu la nyuma: friwili. Ikiteleza mtu akivuka barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, pedali huzunguka bure, baiskeli husimama, na lori linakuja.

Kabla ya kununua kifaa kipya, chanzo kijulikane. Baiskeli ipinduliwe, gurudumu la nyuma lishikwe lisizunguke, pedali isukumwe mbele. Meno ya nje yakizunguka huku kiini kimetulia, vidole vidogo vya ndani vimenasa kwa vumbi au grisi nzito. Kuosha kwa mafuta ya taa na kutia oili nyepesi mara nyingi huvirudisha. Lakini friwili nzima ikizunguka juu ya habu, thredi zimekatika.

Uharibifu huo aghalabu huanza siku ya kufunga, friwili inapoingizwa upande. Thredi za habu zisuguliwe kwa brashi, zipanguswe na kupakwa grisi kidogo. Friwili ikalishwe sawa, izungushwe kwanza kushoto taratibu mpaka isikike ikitua mahali pake, ndipo igeuzwe kulia kwa vidole tu. Ikiwa nzito tangu mwanzo, itolewe na kuanzwa upya. Ikikataa tena, huenda ni ya kipimo kingine; irudishwe dukani.

Ikifika mwisho kwa mkono, kazi imekwisha. Thredi zake hukaza kuelekea kulia, upande uleule mnyororo unakoivuta, kwa hiyo kupanda mwinuko mfupi bila mzigo kutaikaza vya kutosha. Kwa sababu hiyo pia, kuifungua huhitaji kifaa chake maalumu na nguvu ya kuelekea kushoto. Pete ya mbele yenye vitundu viwili isiguswe: thredi zake ni za kinyume, na ikilegea gololi humwagika.

Wapo wanaochomelea friwili kwenye habu iliyochakaa. Hilo ni kuahirisha gharama na kuiongeza: friwili ikifa, habu nayo hutupwa, na cheche za kuchomelea zikiingia ndani, pedali zitazunguka hata baiskeli ikiteremka. Habu iliyokatika thredi ibadilishwe.

Jaribio la kushika gurudumu na kusukuma pedali ni la dakika moja. Lifanywe nyumbani kabla mitungi haijafungwa, si barabarani baada ya kuteleza.