Jina la Nje na Kilicho Ndani

Wapendwa wa Baraka, Fizi na vijiji vyote vya kandokando ya ziwa, fungueni Yakobo 2:1-4.

Mdogo wangu aliye ng'ambo alinitumia aparei ndogo ya foto, inang'aa, juu yake jina la nyumba kubwa ya mavazi. Vijana wa korali wakaililia: "Papa mchungaji, tupigie foto za ndoa!" Nikaipeleka kwa mpiga foto. Alijaribu filimu ya kawaida, haikuingia. Aparei ile inataka filimu ya APS, iliyoletwa mwaka 1996 na Kodak, Fujifilm, Canon, Minolta na Nikon. Ni mwaka ule wa vita, wengi wetu tulipovuka Tanganyika kwenda Kigoma. Mwaka 2011 viwanda viliacha kuitengeneza. Filimu imekwisha, jina linang'aa bado.

Lakini ndani tulikuta kikasha kimoja cha filimu. Vikasha hivyo vina alama nne: duara ni filimu mpya, nusu duara, imetumika kidogo, iksi, imepigwa yote lakini haijasafishwa, mraba, imekwisha safishwa. Chetu kilionyesha iksi. Nikampigia mdogo wangu simu. Akanyamaza, kisha akasema: "Yaya, mama yumo humo. Nilimpiga foto nilipomtembelea kambini Nyarugusu."

Mama yetu amekwisha lala. Wapendwa, tulishindania jina la nje, kumbe uso wa mama umo ndani ya kiplastiki ambacho hakuna aliyekitazama! Nimemrudishia kikasha, atafute huko mwenye mashine ya kukisafisha. Aparei imebaki mezani.

Sasa niungame mbele yenu. Jumapili iliyopita aliingia mama mmoja mkimbizi, kitenge kimechanika. Nilimwonyesha benchi la nyuma, karibu na mlango. Nyuma yake akaja papa mwenye koti zuri, nikamshika mkono hadi mbele. Yakobo aliandika juu yangu. Nilisoma jina la nje, sikuuliza Mungu ameweka nini ndani.

Mama yule, kama unanisikia, unisamehe. Rudi, kiti chako kiko mbele. Na wewe msikilizaji, ni nani umemketisha nyuma? Mtafute leo, kabla jua halijatua.

Mungu awabariki. Amina.