Mtoto Anayepaliwa, na Mali Tunayoitoa

(Mawaidha yaliyotolewa Makangale, Pemba, baada ya sala ya Isha)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema. Amma baad.



Tumetakiwa tuzungumze juu ya zaka na sadaka. Mada hii mmeisikia mara nyingi, khasa Ramadhani inapokaribia. Usiku huu tutaiingia kwa mlango mwengine, nao ni kinywa cha mtoto asiyeweza kumeza.

Kabla ya sala tulipita nyumba moja, hatutaitaja. Mna mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mama yake alikuwa amempakata, kamlaza chali mapajani, anamtilia uji kwa kijiko. Kila baada ya vijiko viwili vitatu mtoto hupaliwa, hukohoa, machozi humtoka. Mlo mmoja humchukua mama yule saa nzima na zaidi, na milo ya siku ni mitatu. Jirani alikuwa kamletea mchele, Allah amlipe kheri. Mchele ulikuwepo kwenye kona, na mtoto ni mifupa mitupu.

Basi njaa ya mtoto huyu haikutokana na kukosa chakula. Kooni mna njia mbili, moja ya chakula iendayo tumboni na moja ya pumzi iendayo mapafuni, na kila tumezapo njia ya pumzi hufungwa kwa muda mfupi sana. Ubongo ndio unaoamrisha jambo hilo. Mtoto ambaye ubongo wake ulidhurika, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa manjano kali, au kwa malaria iliyopanda kichwani, huenda amri hiyo ikamchelewa. Uji huingia njia ya pumzi, naye hupata homa ya mapafu, akapoa, ikarudi tena. Wako ambao hata hawakohoi; chakula huteremka kifuani kimya kimya. Mtoto akifa tunasema kafa kwa kifua, tukamzika, wala hatuulizi alikuwa akilishwa vipi. Na mzee aliyepigwa na kiharusi yumo katika hatari hiyo hiyo.

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia kwa mganga. Mtoto huambiwa ana shetani, hufungwa hirizi, na fedha za wazee wake huishia huko. Hilo ni katika mambo ambayo dini imetukataza, na juu ya hayo halimfundishi mtoto kumeza.

Elimu ya jambo hili ipo. Kuna wataalamu wa tiba ya usemi, ambao kazi yao inajumuisha umezaji. Kuna wa tiba kazi na wa tiba ya viungo, ambao wengi wa nchi yetu wamesomea KCMC, Moshi. Na kuna wa lishe. Humtazama mtoto anavyokula, wakamweka kitako sawasawa, kichwa kisiangukie nyuma, wakapima uzito wa uji unaomfaa, maana chai na maji hukimbia kooni kuliko uji mzito. Humfundisha mama kutia kidogo, kungoja mpaka mtoto ameze, na kutomlaza mara tu baada ya kula. Mambo haya ni mepesi kwa aliyefundishwa. Lakini kila mtoto ana yake, na kinachomfaa huyu huweza kumdhuru yule, ndiyo maana lazima atazamwe na mjuzi.

Na mjuzi yuko mbali. Kutoka hapa ni gari mpaka Konde, kutoka Konde ni Chake Chake, na ikibidi Unguja ni boti, malazi na chakula cha watu wawili, kisha kurudi tena baada ya miezi kadhaa. Mama anayelisha saa tatu nne kwa siku atapata wapi fedha hizo, naye hana nafasi hata ya kwenda kuchokoa pweza?

Kugharimia msaada wa namna hii si uzushi. Wanahistoria wetu wanasimulia kwamba Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, aliwapangia wasiojiweza fungu kutoka hazina ya dola, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu wa kumwongoza. Hakuwagawia nafaka peke yake akaona imetosha. Leo Australia, nchi isiyokuwa ya Kiislamu, ina mfuko wa watu wenye ulemavu ulioanza 2013, na tangu Oktoba 2019 mfuko huo unagharimia pia matatizo ya kumeza: mtaalamu kumpima mtu, kuandika utaratibu wa milo yake na kuwafundisha wanaomlisha.

Sisi nasi tuna msingi. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, ikafuatwa na nyengine ya 2022. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki hizo mwaka 2009. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kila mwezi, bila kuwauliza waliwahi kuchangia nini. Lililowezekana kwa mzee linawezekana kwa mtoto huyu, na ni haki yetu kulidai kwa sheha, kwa diwani na kwa mwakilishi, kwa adabu na bila kuchoka.

Lakini tusimngoje mwakilishi. Imamu Nawawi, na sisi wengi wetu ni watu wa madhehebu ya Shafi, ameeleza kwamba fakiri hupewa kinachomtosheleza kwa kadiri ya hali yake: chakula, mavazi, makazi na mengineyo asiyoweza kuyakosa. Hali ya mtoto huyu ni kwamba kijiko, kiti cha kumkalisha na nauli ya kwenda kwa mjuzi vimo katika kutosheleka kwake. Mwenye kutoa zaka kwa wazee wake mafakiri awape fedha taslimu, si mchele tu.

Na tuseme jingine, hata kama litawaudhi baadhi. Akifa mtu hapa tunachanga, tunachinja, tunapika pilau ya hitima siku ya tatu na ya arubaini, kwa ajili ya maiti asiyekula. Fedha hupatikana, tena kwa siku moja. Kwa mtoto aliye hai, anayekufa kwa kijiko cha uji, tunasema hali ngumu.

Tumezungumza na imamu na baadhi ya wenye minazi. Mmoja ameahidi kuweka wakfu minazi kumi, nazi zake ziuzwe kwa kazi hii. Nia ni kumleta mtaalamu hapa Makangale, awatazame watoto wote kwa safari moja, na awafundishe akina mama wawili watakaobaki wakipita majumbani. Daftari liko kwa imamu. Baada ya dua, kila mwenye mtoto au mzee anayepaliwa aandikishe jina. Na mama zetu wasiotaka kusimama mbele ya watu watamwandikisha kwa mke wa imamu.

Wabillahi tawfiq.