Umemtandikaje Punda Wako?

Najua wengine mnatusikiliza chai ikichemka, na wengine mnaitafuta mitungi ili mwende mtoni. Hao wa mtoni ndio nitakaosema nao asubuhi hii, juu ya punda wao, yule ambaye Wakipsigis tunamwita sigiriet.

Katika Mwanzo 22 tunasoma kwamba Ibrahimu alipoanza safari yake alimtandika punda alfajiri. Alikuwa na watumishi, lakini kazi hiyo haikuandikwa kwa jina lao. Sisi huku Bomet, toka Longisa hata Sigor, tunamwachia mtoto anayechelewa shule. Anatupa gunia mgongoni, anafunga kamba ya nailoni, anatundika mitungi, basi. Jioni ni nani anayelifunua gunia lile atazame?

Ndugu zangu, pitisha kiganja juu ya mgongo wa punda. Katikati utagusa mfupa na ngozi tu. Nyama ya kuchukulia mzigo iko pembeni, juu ya mbavu. Kwa hiyo tandiko jema ni mito miwili, mmoja kila upande. Shona magunia membamba, yajaze nyasi kavu, yaunganishe ili katikati pabaki mfereji ambamo upepo unapita. Uti wa mgongo usiguswe na kitu. Kwanza lakini safisha manyoya, maana mwiba mmoja chini ya mzigo hufanya kidonda kabla hamjafika Nyangores. Kisha tandaza blanketi lisilo na mkunjo.

Sasa mkanda wa tumbo. Uwe mpana, wa turubai au ngozi laini. Kamba ya nailoni ni kisu. Upite nyuma ya miguu ya mbele, ukiacha nafasi ya kiganja, na vidole viwili viweze kuingia chini yake. Mtembeze punda hatua chache, usimame, uukaze tena, kwa sababu tandiko hukaa chini kidogo baada ya kutembea.

Huko Konoin na Kericho, kwenye miteremko ya mashamba ya chai, mkanda huo peke yake hautoshi. Funga mwingine kifuani, tandiko lisirudi nyuma wakati wa kupanda, na mwingine nyuma ya mapaja, lisimwangukie shingoni wakati wa kushuka. Tena kuna utaratibu. Wachunga ng'ombe wa Marekani, ambao tandiko lao la farasi mara nyingi lina mikanda miwili ya tumbo, hufunga wa mbele kwanza, na wakifika huanza kufungua wa nyuma. Sababu ni moja: mnyama akishtuka huku ameshikwa na mkanda wa nyuma tu, tandiko huzunguka mpaka chini ya tumbo, naye hupiga mateke kwa hofu mpaka aumie, au akuumize wewe. Fanyeni vivyo hivyo kwa punda. Mkanda wa tumbo uwe wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa.

Na mzigo je? Punda wengi wa kwetu wana kilo 120 hadi 150, na theluthi ya uzito huo inamtosha. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Miwili, sawa. Minne ni kilo 80, nayo ni dhuluma. Hata Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza kumtwika mnyama kupita kiasi. Watu wawili wainue mitungi pamoja, huku na huku, tandiko lisipinde.

Msiseme punda ni wengi. Hesabu ya mwaka 2009 ilipata karibu milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 haikufika milioni 1.2. Kati yake yalifunguliwa machinjio ya punda, na wizi ukaenea.

Kutoka 23 inatuagiza tumsaidie hata punda wa adui aliyelala chini ya mzigo. Ukimkuta hivyo, weka fimbo chini. Ondoa mzigo, legeza mkanda wa mapaja, kisha wa tumbo, umwache apumue ndipo asimame.

Na leo jioni, kabla ya kumfungulia malishoni, pitisha tena kiganja mgongoni. Akijikunja, au ukiona unyevu wa damu, kesho maji yachukuliwe kwa kichwa au mkokoteni wa jirani, mpaka ngozi ipone kabisa.