Ndovu Wasio na Pembe

Msikilizaji, katika mbuga ya Gorongosa, Msumbiji, wapo ndovu majike wengi wenye mkonga bila pembe. Hawakukatwa; wamezaliwa hivyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1977 hadi 1992, viligeuza pembe kuwa fedha ya silaha, na zaidi ya asilimia 90 ya ndovu wa hapo wakaangamia. Jike asiye na pembe hakuwa na faida kwa mwenye bunduki. Akaachwa, akazaa. Kabla ya vita, majike wa aina hiyo hawakufika mmoja kati ya watano. Miongoni mwa majike waliosalia baada ya vita, walifika nusu.

Wapo wanaosifu ujanja huu wa maumbile. Mimi sina haraka hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 unaonyesha kuwa jeni inayohusika huenda humuua mtoto dume angali tumboni. Na pembe, jamani, ndiyo jembe la ndovu: huchimbia maji na chumvi, hubandulia magome ya miti. Kinyesi kilipopimwa, ilibainika kwamba wasio na pembe wanakula hata mimea tofauti na wenzao.