Kitenzi na Mkia Wake: Kufundisha Vihusishi vya Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Kiswahili



Kila ninaposahihisha insha za Kiingereza, kalamu nyekundu hutua zaidi kwenye vineno vidogo kuliko mahali pengine. "Explain me." "He laughed me." "I am waiting you." Zamani niliyaona makosa haya kuwa uzembe, nikakosea. Mtoto anayeandika hivyo anafikiri sawasawa, ila anafikiri kwa Kiswahili.

Sisi husema "nieleze", "alinicheka", "nakusubiri". Mtendwa yumo ndani ya kitenzi, wala hahitaji daraja la kumfikia. Hata pale uhusiano unapotakiwa kuonekana, Kiswahili huuweka tumboni mwa kitenzi kwa kauli ya kutendea: andika, andikia, pika, pikia. Kiingereza huuacha nje, ukasimama peke yake: "write to", "cook for". Mwanafunzi anapotafsiri "nieleze", haoni pa kuitoa hiyo "to", kwa kuwa hajawahi kuiona ikiwa neno.

Vihusishi tulivyo navyo ni vichache, na kila kimoja kimebeba kazi nyingi. "Amekufa kwa malaria" hugeuka "died by malaria", wakati Kiingereza kinataka "died of". "Tofauti na" huwa "different with" badala ya "different from". "Ameolewa na daktari" ndiyo ya hatari kuliko zote. Ukiandika "she was married by a doctor", msomaji ataelewa kwamba daktari ndiye aliyefungisha ndoa. Mume ni "married to".

Lakini kuna kosa la aina nyingine ambalo ningependa tulikalie zaidi, maana hata sisi walimu tunalo. Ni lile la kuongeza kihusishi kisichotakiwa: "discuss about", "emphasize on", "request for", "contact with". Hili tukilisingizia Kiswahili tutakuwa tunakionea, kwani sisi husema "kujadili suala" na "kuomba msaada" bila kuongeza chochote. Chanzo kimo ndani ya Kiingereza chenyewe, nacho ni nomino. "A discussion about", "emphasis on", "a request for", "contact with": zote hizi ni sahihi. Nomino inaudai mkia, kitenzi chake hakiutaki. Mwanafunzi ameusikia mkia kwenye nomino, akaenda kuufunga kwenye kitenzi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuviandika viwili hivyo ubaoni, kimoja chini ya kingine:

We discussed the fees.
We had a discussion about the fees.

Kisha darasa litunge jozi zake lenyewe. Wanafunzi hugundua kanuni kabla sijaitamka, na kanuni waliyoigundua hawaisahau upesi.

Sasa, tufundisheje vitenzi vinavyohitaji kihusishi? Orodha ndefu ya kukariri haisaidii. Ningependa tuanzie kwenye utajiri ambao mtoto anakuja nao darasani. Anajua kwamba kuhama ni kuondoka mahali, na kuhamia ni kwenda mahali. Anajua kwamba kumwona mtu si kumwonea. Hakuna aliyemweleza kwa mantiki kwa nini "onea" imebeba dhuluma. Aliipokea nzima, kama neno moja. Basi na apokee "look after" vivyo hivyo: ni "tunza". "Look for" ni "tafuta". "Look at" ni "tazama". Ni maneno matatu, kila moja na mstari wake katika daftari la msamiati. Asiandike "wait" peke yake; aandike "wait for", kisha "subiri".

Kwa mahali, tunao msaada mwingine ambao hatuutumii. Mwanafunzi huandika "arrive to" kwa kuwa kiambishi "-ni" hakimwambii kama ni "at" au "in". Lakini "pa" na "mu" humwambia. "Pale kituoni" ni nukta mahsusi: "arrive at the station". Mji una eneo, ukifika umo humo: "arrive in Dodoma". Ulinganisho huu una mipaka yake, maana "arrive home" haitaki kihusishi kabisa; hata hivyo unampa mtoto pa kuanzia.

Na tuwafundishe kusoma kamusi hadi mwisho wa ingizo. A. S. Hornby alikuwa akifundisha Kiingereza Japani alipotayarisha na wenzake kamusi ya wanafunzi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, ikionyesha kila kitenzi kinavyojengwa katika sentensi. Kamusi za wanafunzi za leo zimeirithi kazi hiyo. Wanafunzi wetu huishia kwenye maana, ilhali kihusishi kiko mstari unaofuata.

Mezani penu kuna karatasi yenye sentensi 20 za wanafunzi, bila majina. Baada ya chai, kila kundi lizigawe mafungu mawili: kosa lililotoka kwenye Kiswahili, na kosa lililotoka kwenye nomino ya Kiingereza. Zitakazokataa kuingia fungu lolote, ziandikeni kando. Nataka tuzijadili pamoja.